Mahari, Si Mahali

Mama Padri hakuwa mpole, na wale wanaomsimulia siku hizi kama kibibi mnyenyekevu aliyeonewa wanamwonea mara ya pili. Alikuwa na mdomo. Alikuwa na makuu. Akiingia dukani kwetu hapa Ngara mjini, karibu na stendi, hata madereva wa bodaboda waliokaa barazani waliteremsha sauti, maana alikuwa na tabia ya kusahihisha mazungumzo yasiyomhusu. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba simtetei kwa kumhurumia. Namtetea kwa sababu aliibiwa waridi alilolizalisha kwa mikono yake, likachukuliwa pamoja na jina alilolipa, na mtu akiibiwa hatuna haja ya kuuliza kwanza kama alikuwa malaika.

Jina lake mwenyewe silitaji. Alianza kuitwa Mama Padri siku mwanawe alipopata upadri, na tangu hapo sijamsikia mtu akimwita vinginevyo. Shamba lake liko Nyakisasa, migomba na kahawa kama ya majirani, ila pale ambapo wenzake walipanda maharage yeye alipanda mawaridi. Mimi ni binti wa dukani. Babu zangu walikuja huku kutoka pwani na marobota ya nguo, wakasahau kurudi, nasi tukabaki na duka, msikiti na pua zinazopenda manukato. Yeye alikuwa Mkatoliki wa kufa na kuzikwa. Kilichotukutanisha ni friji.

Mbegu za waridi hazioti hivi hivi. Zinataka zikae kwenye baridi majuma mengi kabla hazijatiwa udongoni, na Ngara, pamoja na milima yake, haina baridi ya kiasi hicho. Mama Padri alikuwa ameambiwa jambo hilo na masista wa misheni. Basi siku moja alikuja dukani na kopo la siagi lililofungwa kwa raba, akafungua friji ya soda bila kuomba, akalisukuma nyuma kabisa. Mama yangu alipomuuliza kuna nini humo, alijibu kwamba ni wajukuu zake. Tangu siku hiyo friji yetu haikukosa kopo la Mama Padri, na umeme ukikatika alikuwa akitupigia simu kutugombeza sisi, kana kwamba nyaya za umeme tumezishika mikononi.

Kazi yenyewe aliifanya asubuhi, umande ukishakauka, akiwa ameketi kwenye kigoda. Anachagua ua ambalo halijafunguka, analivua petali zake moja moja, kisha kwa mkasi wa kucha anakata vile viuzi vya kiume vilivyomo ndani ili ua lisijizalishe lenyewe. Halafu anachukua chavua ya ua jingine, lile alilolichagua kuwa bwana, na kulipaka lile la kwanza kwa brashi ya wanja. Brashi hiyo ilikuwa yangu. Aliiona chumbani kwangu, akaitia kwenye mkoba, akaniambia macho yangu hayahitaji msaada. Akimaliza kupaka analifunika ua kwa mfuko wa karatasi, nyuki wasije wakamwingilia, na kutangaza kwamba amefungisha ndoa. Mwanawe padri alipomkanya kuwa sakramenti haifanyiwi mzaha, alimwambia ahesabu kwanza ndoa alizofungisha yeye zikavunjika.

Roho yake hasa ungeiona wakati wa kung'oa. Mche umetokana na ndoa aliyoifungisha mwenyewe, umelala kwenye friji yetu, umenyweshewa maji ya kubeba kichwani, na siku unatoa ua la kwanza shingo ikiinama kidogo tu, anaung'oa na kuwatupia mbuzi. Mimi nilikuwa nikisikitika kwa sauti. Aliniambia kwamba ua la shingo legevu litamwaibisha bibi harusi mbele za watu, na kwamba nikitaka kuhurumia kitu nimhurumie bibi harusi. Hakuwa na subira hata chembe, ilhali kazi aliyojichagulia ilikuwa ya kusubiri tu, miaka kwa miaka. Sijui alifanyaje. Nadhani alisubiri kwa kugomba.

Na mwanzo wake ulikuwa ugomvi. Parokia ilianza kununua maua ya plastiki pale sokoni kwa ajili ya altare, maana yale halisi yalikuwa yananyauka kabla ya misa ya pili. Jumamosi moja Mama Padri aliyakusanya yote na kuyatupa. Jumapili paroko alipoikuta altare tupu na kuuliza, mama huyo alisimama katikati ya waumini, akasema kwamba Mungu aliyeumba maua hapelekewi beseni lililoyeyushwa. Kisha akaona kwamba sasa amejifunga mwenyewe. Maua ya harusi tuliyokuwa tukiyaona ukumbini yalikuja kwa basi kutoka mbali, yakifika yamechoka na bei iko juu. Akaapa kutengeneza waridi la hapa hapa, la shina refu na miiba michache, linaloweza kukatwa, kusafirishwa na kukaa kwenye maji juma zima bila kuinamisha kichwa, watu wa Ngara waliuze badala ya kulinunua.

Kuhusu safari hakutaka kubahatisha. Alikuwa anafahamiana na madereva wa malori pale Lusahunga, akiwakabidhi ndoo ya maua waende nayo hadi Rusumo mpakani na kurudi, ili aone barabara imeyafanya nini. Dereva mmoja alirudisha ndoo tupu. Alikiri kwamba maua amempa mwanamke fulani. Tulidhani Mama Padri atamrarua. Hakugusa habari ya mwanamke hata kidogo, alitaka tu kujua maua yake yalidumu siku ngapi kabla ya kuanguka, na dereva alipokosa jibu ndipo alipotukanwa, kwa sababu alikuwa na bahati ya kukaa karibu na ushahidi asiutazame.

Mama yangu naye alikuwa na ugomvi wake katika jambo hili. Wafanyabiashara wa maua hawapendi waridi lenye harufu kali, kwa kuwa mara nyingi linalonukia sana ndilo linalonyauka upesi. Kwa mama yangu hiyo ilikuwa kufuru. Alisema waridi lisilonukia ni kitambaa, na vitambaa tunavyo dukani. Mama Padri alimjibu kwamba watu wa pwani wamelewa marashi. Walibishana hivyo miaka, huku wakinywa chai yangu, na mwishowe nikagundua kwamba Mama Padri aliyejitia kudharau harufu alikuwa anashindwa kung'oa mche wowote unaonukia, anauhamishia nyuma ya nyumba, anauficha kama mtoto wa nje. Waridi lililofaulu lilikuwa jekundu lililokoza, na lilikuwa na harufu kidogo mno. Mama yangu alilinusa, akasema ni kama mtu aliyejitia marashi amepita chumba cha pili. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, na Mama Padri aliitembeza Nyakisasa nzima.

Sasa nifike penye jambo ambalo maadui zake wanapenda kulitaja. Mama Padri alikuwa mwizi wa matawi. Mzazi mmoja wa waridi lake alikatwa kwenye bustani ya masista, kwa mkasi uliofichwa ndani ya kanga. Mzazi wa pili aliokotwa nyuma ya ofisi za wilaya, kwenye shada alilopewa mgeni mkubwa na kutupwa mara gari lake lilipoondoka. Wizi wa kwanza aliuungamia. Wa pili hakuungamia, alisema kilichotupwa hakina mwenyewe. Yaliyompata yalipotokea, walikuwepo watu wazima na akili zao waliosema kwamba mwizi kakutana na wenzake. Nilimfukuza mmoja dukani kwa neno hilo. Tawi la bustani alilolikata mama huyu liliacha mti wake umesimama na masista wakiendelea kuvuna. Alichoibiwa yeye ni kazi ya miaka yote ile, na alizuiwa asiiguse tena. Asiyeona tofauti hapo hataki kuiona.

Jambo la mwisho kabla ya lile lenyewe ni ulimi wake. Huku kwetu r na l ni kama ndugu wanaovaliana nguo. Lugha za nyumbani, Kihangaza na Kisubi, hazizitenganishi kama Kiswahili, hivyo mtu atakualika kura chakula na mwingine atapiga kula kwenye uchaguzi, na sote tunaelewana. Mama Padri hakuelewana na mtu. Alifundishwa na masista utotoni kuzitenganisha, nadhani kwa fimbo, na aliliona hilo kuwa fahari kubwa kuliko ya kuzaa padri. Alimsahihisha msomaji wa masomo kanisani. Siku moja kondakta alikuwa anaita abiria wa Rusahunga, naye akakataa kupanda mpaka aseme Lusahunga. Basi likamwacha. Alikuja kukaa dukani mpaka jioni, ameridhika kabisa.

Waridi lake aliliita Mahari. Nilimuuliza sababu, akanieleza bila kuzunguka. Alipoolewa, ng'ombe walikwenda kwa baba yake, pombe ya ndizi ikanywewa na wajomba, na yeye mwenyewe akaenda kwa mume hana hata jani mkononi. Alitaka kiwepo kitu katika mahari ambacho bibi harusi atapewa yeye, akishike yeye. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akiongea habari za ndoa yake. Kisha akanigombeza kwa kuweka sukari nyingi kwenye chai.

Wageni wawili walifika Nyakisasa katika msimu mmoja. Wa kwanza alikuwa mnunuzi, mtu wa kampuni ya maua ya mbali, ana gari lenye sanduku la baridi nyuma. Alikuwa na heshima zote. Alisema shikamoo kabla hajazima gari, akala ndizi zake, akasifia shina, akasifia shingo, akaomba matawi ya kwenda kujaribu kwao. Akauliza na jina. Mama Padri akamwambia, na yule bwana akalirudia sawasawa, na huyu mama wa watu, ambaye hakuwahi kumwamini mtu yeyote, alimwamini yule kwa kuwa alitamka r vizuri. Aliniambia hivyo mwenyewe. Alimkatia matawi kwa mkono wake.

Wa pili alikuwa kijana wa ofisi moja ya zile zinazoandikisha mbegu na mimea mipya, aliyeletwa na ombi la Mama Padri mwenyewe ili waridi litambuliwe kuwa lake. Si mwenyeji wa huku. Alipima, akapiga picha, akauliza jina la waridi. Mahari, akaambiwa. Kijana akatabasamu. Alikuwa ameshaonywa huko alikotoka kwamba watu wa Ngara wanachanganya r na l, na kwa wema wake, kwa elimu yake, akamnyooshea bibi wa watu lugha. Akaandika Mahali. Hebu fikiri. Mtu mmoja katika kata nzima ambaye asingekosea herufi hiyo hata usingizini ndiye aliyesahihishwa.

Karatasi iliporudi alikuja nayo dukani, akaiweka juu ya friji, akasema wamemwandikia Mahali, mahali gani sasa. Alikwenda ofisini kuomba ibadilishwe. Aliambiwa ni herufi moja tu, asiwe na wasiwasi, itashughulikiwa. Alikwenda tena. Ikawa inashughulikiwa. Wakati inashughulikiwa, kampuni ya yule bwana mwenye heshima zote iliandikisha waridi jekundu lililokoza, la shina refu na miiba michache, linaloitwa Mahari. Wao herufi yao ilikuwa mahali pake.

Siku habari hiyo ilipotufikia nilikwenda naye ofisini. Tulikalishwa kwenye viti vizuri, tukapewa maji ya chupa. Kijana ni yule yule, pamoja na mkubwa wake, na wote walikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonichoma. Mtu akikutukana unajua pa kushika.

"Mama, waridi lako lililoandikishwa hapa ni Mahali," alisema mkubwa. "La kampuni ni Mahari. Kwa utaratibu wetu hayo ni mawaridi mawili."

"Ua ni moja," alisema Mama Padri.

Akaelezwa kwamba hilo linataka kuthibitishwa kwa vipimo, kwamba vipimo hufanyika mbali, na kwamba gharama ni za mlalamikaji. Akaelezwa pia kwamba kijana aliandika alivyosikia. Hapo mama huyu alisimama.

"Mimi nirisema Mahari," alisema. "Nirimwambia wazi. Nirimtamkia—"

Alijisikia mwenyewe. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kusikia ulimi wake ukiteleza, na uliteleza pale, mbele ya watu wale, kwa hasira waliyomtia wao. Hawakucheka. Wangecheka ningeweza kusema kitu. Kijana alimtazama mkubwa wake, mkubwa akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama daktari aliyeona alichotarajia kukiona.

"Inatokea, mama," alisema. "Ndiyo lugha ya huku."

Nimewahi kulala na hasira nyingi, za biashara, za ndugu, za serikali za mtaa. Hakuna iliyokaa kama hii. Masista walimfundisha r kwa fimbo ili asichekwe, akaishika maisha yake yote, na siku aliyoihitaji ikatumika kumfunga. Baadaye ilikuja barua ya kampuni, nayo ya adabu, ikimkumbusha kwamba haruhusiwi kuuza maua ya aina yao bila kibali. Ya aina yao. Tangu hapo waridi liko pale Nyakisasa, linachanua na kupukutika hapo hapo. Yeye aliyekuwa anang'oa bila kugeuka nyuma hajaling'oa. Hakuja tena dukani. Nilimfuata mara kadhaa, akanipokea, akanipa ndizi, akazungumza habari za mbuzi.

Nilikutana naye tena juzi juzi, kwenye harusi ya binti wa jirani yetu, mchana, katika ukumbi mmoja hapa mjini. Nilimwona amekaa peke yake kwenye meza ya kando, amevaa kitenge cha sikukuu, amekonda. Nikamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umenenepa."

Katikati ya kila meza palikuwa na chombo cha kioo chenye mawaridi. Sikuhitaji kuambiwa ni yapi. Yalisimama wima, shingo zimekaza, mekundu yaliyokoza. Tulikaa tukiyatazama. Kisha akanyoosha mkono, akalishika moja kwa chini, pale petali zinapoanza, akaliminya kidogo kwa vidole viwili, namna alivyokuwa akifanya shambani kupima kama ua limekomaa.

Mpambaji wa ukumbi alikuwa anapita. Ni mwanamke wa hapa hapa Ngara, namjua kwa sura, ana kazi nzuri. Akasimama.

"Samahani mama, tusiyaguse," alisema. "Ni ya bei haya, yametoka mbali."

Mama Padri alirudisha mkono, akauweka mapajani. Nilianza kusimama. Alinishika nguo nikakaa.

"Yanaitwaje?" aliuliza.

"Yanaitwa Mahali, mama," alisema mpambaji, kwa ulimi wetu wa huku.

Katika ukumbi mzima, katika nchi nzima pengine, huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akiliita ua lile kwa jina ambalo ofisi inalitambua kuwa la Mama Padri. Nilimgeukia. Nilidhani atacheka, au atasema basi ni langu hilo, na nilikuwa tayari kupanda juu ya meza niseme naye.

"Si Mahali," alimwambia. "Mahari. Ulimi usigande juu, uache utetemeke. Mahari."

Mpambaji alijaribu, akakosea. Mama Padri alisema tena, polepole, kwa upole ambao sikujua kama anao. Mpambaji akajaribu tena, akapata, akacheka mwenyewe, akashukuru na kwenda meza nyingine.

Nilimwambia kwamba angemweleza yule dada kwamba waridi ni lake.

"Nimemfundisha jina lake," alisema. "Hukumsikia? Sasa analisema vizuri."

Mlango ulifunguliwa, bibi harusi akaanza kuingia, na ukumbi mzima ukasimama. Mama Padri alisimama pia, akapiga vigelegele na wenzake. Mimi nilibaki nimekaa.